Walinzi Wasio na Mshahara: Ubia wa Kuhifadhi Viumbe katika Nchi ya Ikola

Utangulizi

Tunapofundisha juu ya uwakili katika sharika zetu, kwa kawaida tunazungumza juu ya sadaka, vipawa na matumizi ya wakati. Mara chache tunazungumza juu ya dagaa, tembo na simba; na mara chache zaidi juu ya jirani zetu wanaokesha kuwalinda viumbe hao bila kupokea mshahara. Yamkini wengi wetu tunadhani ya kuwa kazi hiyo ni ya askari wa serikali na ya wataalamu watokao mbali. Sivyo ilivyo. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu viumbe wa porini na wa majini huishi pia nje ya mipaka ya hifadhi za taifa, na huko mlinzi wa kwanza ni mwanakijiji.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi ubia huo kati ya vijiji, serikali na mashirika unavyofanya kazi, na kwa nini mara nyingine hufa. Tumechagua kuutazama kutoka Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu katika nchi ile ziwa, msitu na malisho vinapakana, na kila kimoja kimepata njia yake ya kulindwa. Hoja yetu ni moja. Ubia wa uhifadhi hudumu pale ambapo yule alindaye ana haki juu ya kile anacholinda, ana kauli katika maamuzi, na ana fungu katika mavuno. Pasipo hayo, kujitolea hugeuka kuwa mzigo ambao wenye nacho wanawatwika wasio nacho.

Nchi iliyo kati ya hifadhi mbili

Ikola ni kijiji cha wavuvi na wakulima katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Kusini ya Ikola iko Karema, mahali ambapo Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Kwa miaka mingi watu wa mwambao huu walisafiri kwa meli ya Liemba, iliyokuwa ikisimama mbali kidogo na ufuko huku mitumbwi ikienda kupokea abiria na mizigo.

Upande wa kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985 na kujulikana kwa sokwe wake, ambao watafiti kutoka Japani walianza kuwachunguza katika miaka ya 1960. Upande wa kusini-mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hata kufikia kilomita za mraba 4,471. Kati ya hifadhi hizo mbili kuna vilima na misitu ya miombo isiyo hifadhi ya taifa. Ni ardhi ya vijiji na ya wilaya. Lakini tembo hawasomi ramani. Hupita humo kama walivyopita mababu zao, na njia zao hizo huitwa shoroba. Sokwe nao ni vivyo hivyo: wengi wa sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ya namna hii.

Wenyeji wa zamani wa nchi hii ni Watongwe na Wabende. Baadaye waliongezeka Wafipa, Waha, Wabembe waliovuka ziwa, Wasukuma pamoja na ng'ombe wao, na watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakakaa Katumba na Mishamo, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania miaka mingi baadaye. Yatupasa kukumbuka wingi huu wa watu. Tunaposema "kijiji kimekubali", tunazungumza juu ya mkutano wa watu wasio na lugha moja ya mama, wasio na kazi moja, na ambao hawakufika siku moja.

Yatupasa pia kukumbuka kwamba pori tunaloliona leo halikuwa pori siku zote. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha tena, pamoja na Watongwe waliokuwa wakiishi Mahale. Msafiri akikuta miembe mikongwe katikati ya msitu na ajue kwamba palikuwa na mji. Jina lenyewe la Katavi, kwa masimulizi ya wenyeji, ni la mwindaji wa kale ambaye roho yake yasemekana hukaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa la jina hilo, na watu wamezoea kuacha vitu vyao chini ya mti huo. Hatutaki kuyajadili hapa matambiko hayo kwa upande wa imani. Tunataka tu kuonyesha kwamba mpaka wa hifadhi ulipochorwa, ulichorwa juu ya nchi ya watu wenye kumbukumbu. Kwa hiyo mzee asikiapo neno "uhifadhi", mara nyingi husikia neno "kuhamishwa". Ubia wowote unaanzia juu ya jeraha hilo.

Ziwani: kuacha samaki ili samaki wawepo

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolipita kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lina aina mamia za samaki, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Lakini kinachowalisha watu ni hasa dagaa wa aina mbili pamoja na migebuka anayewala dagaa hao. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, wakitumia mitumbwi iliyounganishwa ambayo huku huitwa vipe.

Samaki hao wamepungua kwa sababu mbili. Ya kwanza iko mikononi mwetu: wavuvi wameongezeka, na wengine hutumia makokoro na nyavu za macho madogo zinazozoa hata vifaranga katika maji ya kando wanakokulia. Ya pili haimo mikononi mwa mvuvi wa Ikola hata kidogo. Chakula cha samaki hutokana na rutuba iliyoko chini ziwani, ambayo huletwa juu na upepo wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi. Maji ya juu yanapozidi kuwa na joto huwa mepesi, nayo hayachanganyiki upesi na maji baridi ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Moshi wa viwanda vya mbali, basi, umeingia katika sufuria ya mjane wa mwambao huu.

Njia iliyowekwa na sheria ya kulinda ziwa ni Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, vinavyojulikana kwa herufi BMU, na ambavyo vimetajwa katika Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Kila mwalo hukusanya wenye vyombo, wavuvi wa kuajiriwa, wachuuzi na wanawake wanaoanika dagaa, nao huchagua kamati yao. Kamati huandikisha vyombo, hutoa taarifa za samaki waliovuliwa, na hufanya doria pamoja na maofisa uvuvi. Wajumbe wake hawana mshahara. Katika mwambao wa kusini ya Kigoma na wa Katavi vikundi hivi vilitiwa nguvu na mpango uitwao Tuungane, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na mashirika ya The Nature Conservancy na Pathfinder International. Mpango huo uliunganisha uvuvi, misitu na afya ya mama na mtoto, pamoja na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo fedha zake huwasaidia wanachama kuanzisha kazi zisizoharibu mazingira.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne. Kwa upande wa elimu ya viumbe jambo hilo lina maana. Dagaa huishi muda mfupi na kuzaa upesi. Wakipewa nafasi, wanaweza kurudi upesi pia. Lakini tufikiri juu ya mvuvi wa kuajiriwa asiye na shamba, na mama aliyekopa ili anunue dagaa. Kwao miezi mitatu ni ada ya shule, ni dawa, ni chakula. Kila mmoja aliombwa kuacha samaki ndani ya maji, na hakuna aliyekuja kuwanunua samaki hao walioachwa. Malipo pekee ni wavu wa mwakani, iwapo jirani wa ng'ambo naye ameacha.

Msituni: mti uliosimama wapata mnunuzi

Bara ya wilaya hiyohiyo, mbali na ziwa, mambo yamekwenda kwa namna nyingine. Vijiji vinane, miongoni mwake Mwese, Lugonesi na Katuma, vimetenga sehemu za ardhi yao katika milima ya Ntakata kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndizo zilizowapa uwezo huo, kwa maana mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha mpango wa matumizi ya ardhi. Vijana wa vijiji hivyo huzunguka msituni na kuandika wanachokiona: mtego, mti uliokatwa, shamba jipya, kiota cha sokwe. Kaskazini zaidi, katika Mkoa wa Kigoma, taasisi iliyoanzishwa na Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, iliwafundisha wanavijiji waliojitolea kufanya ufuatiliaji kama huo kwa kutumia simu na ramani za setilaiti.

Tofauti ya Ntakata ni kwamba mti uliosimama umepata mnunuzi. Mti hukusanya kaboni kutoka hewani; ukikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo hurudi hewani na kuongeza joto la dunia. Kampuni ya Carbon Tanzania, kwa mkataba na vijiji hivyo, hupima ni msitu kiasi gani ungalikatwa na ni kiasi gani umeokolewa, kisha huuza vyeti vya kaboni hiyo kwa makampuni ya nje. Kwa njia hiyo mabilioni ya shilingi yamefika vijijini, na wanavijiji wameyatumia kujenga zahanati, madarasa na ofisi, na kuwalipa walinzi wa msitu posho.

Hatupaswi kulisifu jambo hili bila kulipima. Mwaka 2023 magazeti na watafiti wa Ulaya walihoji vipimo vya miradi mingi ya kaboni duniani, wakisema baadhi yake ilidai kuokoa misitu ambayo haikuwa katika hatari kubwa. Tena liko swali la haki: je, tajiri anayetoa moshi anunue ruhusa ya kuendelea, huku maskini akiwa ndiye wa kujizuia? Maswali hayo ni ya kweli. Hata hivyo, somo moja la Ntakata linabaki. Watu walilinda walipojua kwamba msitu ni wao kwa hati, kwamba mapato yanatangazwa mbele ya mkutano, na kwamba mkutano ndio unaoamua kama pesa zijenge darasa au zahanati.

Malishoni: vita iliyogeuka kuwa biashara

Mfano wa tatu unatoka Mpimbwe, kusini ya Hifadhi ya Katavi. Kwa desturi ya wafugaji wa Kisukuma, kijana aliyemuua simba aliyeshambulia ng'ombe alihesabiwa kuwa mlinzi wa jamii. Alivikwa mapambo, akapita nyumba kwa nyumba akicheza ngoma, na wenye mifugo wakampa zawadi za shukrani. Desturi hiyo ilikuwa na akili yake: mmoja alihatarisha uhai kwa ajili ya mifugo ya wote, na wote wakamlipa.

Watafiti waliofanya kazi miaka mingi kandokando ya Katavi walieleza mwaka 2014 jinsi desturi hiyo ilivyopotoka. Vijana wengine walianza kuingia katika mapori ya hifadhi kuwatafuta simba ambao hawakumdhuru mtu wala ng'ombe, kwa ajili ya zawadi tu. Wafugaji nao walichoka kulipa, lakini nani athubutu kuwa wa kwanza kukataa? Watafiti pamoja na vijana wa mahali hapo walianzisha juhudi iitwayo WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira. Hawakuanza na bunduki. Walikwenda kwa viongozi wa jadi na kwa sungusungu, ulinzi ule wa kujitolea uliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafugaji wenyewe wakajadiliana na kuweka taratibu za kukataza zawadi kwa aliyemuua simba asiye na hatia.

Hapa twaona jambo lenye uzito. Chombo kilichotumika hakikuletwa kutoka nje. Kilikuwa mkutano wa wazee, heshima ya jamii, na faini ambayo kila mmoja anaijua. Kazi ya mgeni ilikuwa kuuliza swali na kungoja jibu.

Kwa nini walinzi huchoka

Kati ya mwaka 2009 na mwaka 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi hadi 43,000 hivi. Msiba huo ulitokea pamoja na kuwepo kwa hifadhi, sheria na askari wenye silaha. Tangu hapo imekubalika na wengi kwamba pasipo habari na msaada wa wanavijiji hakuna ulinzi wa kutosha. Lakini tukiwataka wanavijiji walinde, yatupasa kujua yanayowachosha. Tunayataja manne.

La kwanza ni hasara isiyofidiwa. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Lakini wengi wanaomsifu tembo hajapata kuwanyea. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja hupewa kile ambacho serikali imekiita kifuta jasho, na familia iliyofiwa hupewa kifuta machozi. Viwango vilivyowekwa mwaka 2011 vilikuwa shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa, na kwa ekari ya mazao si zaidi ya shilingi laki moja. Majina yenyewe yanasema wazi kwamba si fidia. Ni kitambaa cha kujifutia uso.

La pili ni uadui wa nyumbani. Askari wa hifadhi akimkamata mtu, jioni hurudi kambini kwake. Mlinzi wa kijiji akimkamata mwenye kokoro, amemkamata shemeji yake, au mwenye duka anayemkopesha sukari. Jumapili watakutana kanisani, na msibani watachimba kaburi pamoja. Gharama hii haiandikwi katika taarifa yoyote ya mradi.

La tatu ni misaada isiyo na mizizi. Mradi huja na gari, sare na semina. Muda wake ukiisha, doria nayo huisha. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za maendeleo na uhifadhi katika Afrika ya Mashariki zilikatika ghafla. Waliobaki ni wale waliokuwa na mfuko wao wenyewe, hata kama ni mdogo.

La nne ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Faini zikipokelewa bila stakabadhi, au posho zikigawanywa kwa siri, watu husema kamati inavua nchi kavu. Siku hiyo ubia umekufa, hata kama mkataba bado una miaka kumi.

Kujitolea kwa hiari na kujitolea kwa kulazimishwa

Katika historia yetu neno kujitolea limetumika kwa mambo mawili tofauti. Liko msaragambo, ambako jirani hukusanyika kuchimba mfereji ambao wote watautumia. Na iko ile kazi ambayo mtu aliitwa "kujitolea" huku jina lake likiandikwa na mgambo. Ya kwanza hujenga undugu. Ya pili hufundisha watu kukwepa. Ni lazima tuulize kazi ya mlinzi wa mwalo au wa msitu iko upande gani.

Maandiko yanatusaidia kuulizia jambo hili vizuri. Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anapewa bustani kwa kazi mbili zisizotenganishwa, kulima na kutunza. Anayetunza ni yule yule anayelima na kula. Biblia haimjui mtunzaji mwenye njaa katikati ya bustani. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 anayekuta kiota ameruhusiwa kutwaa makinda, lakini amwache mama aende zake. Amri hiyo ndogo haikatazi kula, bali inakataza kula hata mbegu ya kesho. Na hiyo ndiyo maana ya kufunga ziwa kwa miezi mitatu. Tena katika Kumbukumbu la Torati 25:4 ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa, neno ambalo Mtume Paulo analitumia katika 1 Wakorintho 9 kwa ajili ya watenda kazi wa Kanisa. Sisi tulio wachungaji tumezoea kulikumbuka neno hilo wakati wa kujadili posho zetu. Ni haki tulikumbuke pia kwa ajili ya kijana anayelala msituni bila buti wala koti la mvua.

Mambo yanayowezekana katika usharika

Kanisa si shirika la uhifadhi, wala halipaswi kujifanya hivyo. Lakini katika vijiji vingi usharika au mtaa unakuwepo kabla ya mradi kuja, na utakuwepo baada ya mradi kuondoka. Kwa hiyo kuna mambo machache ambayo lina nafasi nzuri ya kuyafanya.

Kwanza, usharika unaweza kufundisha utunzaji wa hesabu. Watunza hazina wetu wanajua stakabadhi, daftari la mapato na ukaguzi wa kila robo mwaka. Wakiwafundisha wajumbe wa BMU na wa kamati za maliasili, wa madhehebu na dini zote, watakuwa wamelinda samaki wengi kuliko mahubiri kumi.

Pili, kutayarisha miezi ya njaa mapema. Tarehe za kufungwa kwa ziwa zikijulikana, Umoja wa Wanawake na vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kuweka akiba ya nafaka na kupanga marejesho ya mikopo kabla ya vyombo kuvutwa ufukoni. Mvuvi wa kuajiriwa akumbukwe kwanza, maana yeye hana chombo cha kuweka rehani.

Tatu, kupatanisha. Mlinzi na aliyekamatwa wanapokuwa washarika wa mtaa mmoja, Wazee wa Kanisa wasingoje mpaka uchawi utajwe. Kupatanisha hakumaanishi kuzuia sheria isifuate mkondo wake. Kunamaanisha kwamba baada ya faini kulipwa, watu wawili waweze kula meza moja.

Nne, kusema kwa niaba ya waliopata hasara. Mkulima asiyejua kuandika anahitaji mtu wa kumsaidia kutoa taarifa kwa ofisa mtendaji wa kijiji na kufuatilia madai yake wilayani. Mwinjilisti mwenye kalamu anaweza kufanya hivyo.

Tano, kuwafundisha vijana wa kipaimara kwa matendo. Huko Kilimanjaro Askofu Fredrick Shoo alipewa jina la askofu wa miti kwa sababu ya kuhimiza upandaji miti hata katika mafundisho ya kipaimara. Kwa vijana wa mwambao somo laweza kuwa jingine: wakae siku moja mwaloni pamoja na kamati, wapime samaki, wahesabu vyombo, wasikie kwa nini kokoro limekatazwa.

Hitimisho

Tumeona njia tatu katika nchi moja. Ziwani watu wanaombwa kuacha leo kwa ajili ya kesho, na malipo yao ni tumaini tu. Msituni wamepata mnunuzi, lakini bei haiko mikononi mwao. Malishoni walitumia mikutano yao wenyewe kuirekebisha desturi yao wenyewe. Hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyo kamili. Lakini kila mahali penye mafanikio tumekuta haki juu ya ardhi au mwalo, mkutano unaosikilizwa, na daftari lililo wazi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mchungaji anayepangiwa kazi katika usharika unaopakana na hifadhi, ziwa au msitu wa kijiji aulize mambo matatu mara tu afikapo: ni nani hapa wanaolinda, wanakula nini, na hesabu zao zinasomwa wapi? Akishapata majibu, ayapeleke mbele ya Wazee wa Kanisa katika kikao chake cha kwanza, na majina ya walinzi hao yaandikwe katika orodha ya wale wanaoombewa na kutembelewa na usharika.